Dogo, kuhusu hayo majaribio ya Ubelgiji

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili nikiwa breki kazini, na ya shangazi pia. Mnasema kuna wakala anataka milioni 6 akulete majaribio klabu ya Genk, eti Mbwana Samatta alipita huku na mimi niko huku huku, na shangazi keshapata mnunuzi wa kiwanja. Ngoja niseme ukweli hata kama mtaninunia.

Mi siko kwenye mpira. Niko ghalani napanga maboksi, naamka saa 9 usiku, baiskeli, baridi, uwanja wa Genk naupita kila siku nimejifunika mpaka pua, ndani nimeingia mara nne tu maana tiketi nikiipigia hesabu naona mtungi wa gesi wa mama.

Na Samatta hakuja kujaribiwa. Mtoto wa Mbagala yule, kacheza African Lyon, kaenda Simba, 2011 TP Mazembe ya Kongo wakamnunua, akakaa Lubumbashi karibu miaka 5, 2015 wakabeba ubingwa wa Afrika na yeye kafunga goli 7, Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa wanaocheza ndani ya Afrika, mwezi huo huo ndo Genk wakamchukua. Nani katoa hela hapo? Klabu. Kwao hakuna aliyeuza hata kuku. Msimu wa 2018/19 alivyofunga 23 kwenye ligi na Genk wakawa mabingwa nililia jamani, Waturuki wa mtaani kwangu wakaniita Samatta wiki nzima, mtu mwenyewe danadana tatu sifikishi 😂

Halafu kuna sheria ambayo huyo wakala wako hajaitaja. Mchezaji asiye na pasipoti ya Ulaya, ili apate kibali hapa klabu lazima imlipe mshahara wa makumi ya maelfu ya euro kwa mwaka, sasa nani atoe hizo kwa mtoto aliyemuona siku mbili? Tena we una 17, FIFA hairuhusu chini ya 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ukiacha sababu chache ambazo wewe humo haumo. Divock Origi, yule straika wa Ubelgiji, usinitajie, mzee wake Mike Okoth, Mkenya, kacheza Genk hapa hapa, Divock kazaliwa Ostend na kalelewa akademi ya hapa tangu mdogo.

Wakala atakutafutia viza ya kutembea, ikiisha simu hapokei. Nimewakuta Brussels madogo wa Afrika Magharibi, begi la mazoezi bado wanalo, nyumbani wanasema wako kambini kumbe wanaosha vyombo usiku mgahawani.

Shangazi shikamoo. Umesema Samatta anakumbuka kwao, ile mechi ya hisani ya SamaKiba na msanii Ali Kiba hela ikasaidia mashule, ukauliza na mimi je. Shangazi, ile ilijaa kwa viingilio vya watu wa Dar, mi nikicheza nani atakata tiketi? Ninachotuma ni kile kinachobaki kodi ikishalipwa, na mwezi wa pili hakikubaki kitu, nilikopa, sikuwaambia.

Kiwanja msiuze. Dogo endelea na timu yako, mechi mkirekodi nitumie. Njumu namba 42 nishanunua, kuna mtu anakuja mwezi ujao nitampa, ila soli ni za nyasi, kwenye kile kiwanja chetu cha mchanga usizivae.