Maswali yenu: nianzeje kukusanya visukuku?

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu visukuku, yale masalia ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe au kuacha alama kwenye miamba. Najibu maswali matano.

Shikamoo mwalimu. Mvua imefukua kitu kama mfupa shambani kwetu, tena kizito mno. Naweza kuanza nacho mkusanyo wangu? (Mwanafunzi, Lindi)

Marahaba, mwanangu. Kiache hapo hapo kilipo. Angalia sehemu iliyovunjika: ukiona vitundu vidogo vidogo kama vya mkate, huenda ni mfupa kweli.

Mkoa wako una historia nzito kwa jambo hili. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliendesha uchimbaji kwenye kilima cha Tendaguru, lakini waliofukua hasa ni mamia ya wenyeji, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani. Wapagazi wakabeba mifupa vichwani hadi bandari ya Lindi. Dinosaria mmoja aliyeunganishwa kwa mifupa hiyo amesimama Berlin hadi leo, kimo chake kinazidi mita 13. Jina la Boheti linastahili kufundishwa katika kila shule ya Lindi.

Mfupa huzungumza ukiwa katika tabaka lake la udongo au mwamba. Ukishang'olewa na kuwekwa kabatini, kujua umri wake na ulizikwa na viumbe gani kunakuwa kazi ngumu, pengine isiyowezekana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo inalinda masalia ya namna hiyo. Laza rula au kalamu kando yake upige picha, piga nyingine kwa mbali ionekane miti au kilima, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha peleka taarifa serikali ya kijiji ili iifikishe Idara ya Mambo ya Kale. Mvua ikizidi, kifunike kwa udongo laini. Picha na maelezo hayo ni yako, na mkusanyo wako umeshaanza.

Na huku Kenya? (Kilifi)

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inamtaka aliyeokota kitu cha namna hiyo atoe taarifa kwa Makumbusho ya Kitaifa ndani ya siku 7. Lakini wewe wa Pwani una bahati, visukuku vimekuzunguka. Nenda Fort Jesus asubuhi, jua likiwa bado linapiga ukuta kwa upande, uyatazame mawe yenyewe: utaona matumbawe yenye mistari kama nyota na vipande vya makombe. Yapige picha, uyachore, uyalinganishe na matumbawe hai ya baharini.

Nimeuziwa kidani cha kaharabu chenye mdudu ndani. Nitajuaje kama ni kaharabu ya kweli? (Zanzibar)

Dondoshea tone la dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, upande wa nyuma usioonekana. Ukigusa pakanata, huenda ni sandarusi; kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogeuka kisukuku, hainati. Plastiki nyingine nazo huyeyuka, kwa hiyo mpe mtaalamu aikague pia.

Ikiwa ni sandarusi, usihuzunike. Ni utomvu wa msandarusi wa mwambao wetu, uliochimbwa ardhini na kusafirishwa kutoka Unguja katika karne ya 19 kutengenezewa vanishi, na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Ni changa mno ukiilinganisha na kaharabu ya Baltiki, yenye zaidi ya miaka milioni 30, lakini huenda mdudu huyo aliishi katika misitu ya pwani yetu. Kosa ni la aliyekuuzia kwa jina na bei isiyo yake.

Ninaishi kusini mwa Uingereza. Huku inaruhusiwa kuokota? (Msomaji, Bournemouth)

Ndiyo, kwa masharti. Nenda Charmouth, ambako bahari huosha amonaiti, magamba yaliyojiviringisha ya jamaa za ngisi, yenye zaidi ya miaka milioni 180. Okota yaliyolegea ufukweni tu. Usichimbe jabali wala usikae chini yake, kwa maana udongo huporomoka ghafla. Anza maji yakiwa yanakupwa, urudi kabla hayajajaa. Ukipata kitu kisicho cha kawaida, kipeleke kituo cha urithi cha hapo hapo Charmouth wakitambue na kukisajili.

Nivisafishe na kuvitunza vipi? (Morogoro)

Tumia maji safi na mswaki laini. Siki usiiguse: magamba mengi ni chokaa, na siki huyala. Amonaiti zinazong'aa kama dhahabu huoza zikipata unyevu, hivyo ziweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja na viatu vipya. Kila kipande kipe namba, na namba hiyo uiandike daftarini pamoja na mahali, tarehe, aina ya mwamba na jina la aliyekiokota. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla ya kulala.