Ukiitwa kwenye meza moja na ujumbe wa Komoro

Vijana wanaoingia katika utumishi wa mambo ya nje huniuliza mara nyingi namna ya kujiandaa kwa vikao na Ufaransa, China au Umoja wa Ulaya, na ni nadra sana mmoja wao kuniuliza kuhusu Komoro, nchi ambayo ndege inayoruka kutoka Dar es Salaam huifikia kwa muda usiotimia saa mbili. Nimekuwa mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili katika mazungumzo ya Tanzania na Komoro kwa miaka mingi, nikikaa nyuma ya viongozi, wataalamu na wafanyabiashara, na nimeona jinsi nia njema inavyoharibiwa na maandalizi mabovu. Ninalotaka kusema ni hili: undugu wetu na Wakomoro ni wa kweli, lakini tumeuzoea kiasi kwamba tunauweka mahali pa kazi ambayo tungepaswa kuifanya.

Tanzania ilihesabu watu 61,741,120 katika sensa ya 2022. Komoro haijafika watu milioni moja, na eneo la visiwa vyake vya Ngazidja, Ndzuani na Mwali kwa jumla ni dogo kuliko la Unguja na Pemba zikijumlishwa. Ofisa wa upande wetu akiziona takwimu hizo, huliweka jalada la Komoro chini ya mengine. Asichokiona ni kwamba kura ya Komoro katika Umoja wa Mataifa ina uzito uleule wa kura yetu; kwamba nchi hiyo imo katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1993 na katika Kamisheni ya Bahari ya Hindi, kumbi mbili ambazo sisi hatuna viti; na kwamba kuanzia Februari 2023 hadi Februari 2024 Rais Azali Assoumani ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Tangu 2018 tuko nao pia katika SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika. Mtu anayeyajua haya hatawapa Wakomoro saa ya mwisho ya ratiba, wakati watu wamekwisha kuchoka.

Nieleze kinachotokea mezani. Upande wetu viti hujaa: wamo wa Biashara, Mifugo, Uvuvi, Uchukuzi, Uhamiaji, Afya, na mara nyingine watu wawili wawili kutoka kila wizara. Upande wa pili huwa wamekaa watu wachache, na yule aliyejibu masuala ya uvuvi asubuhi ndiye huyohuyo atakayejibu masuala ya usafiri wa anga alasiri, kwa sababu ofisi yake Moroni, mji mkuu wao, ndiyo inayoyabeba yote mawili. Kisha mwenyekiti wetu, kwa nia ya kuokoa muda, hugawa kikao katika makundi matatu yafanye kazi kwa wakati mmoja. Kwetu ni utaratibu wa kawaida. Kwa ujumbe wa watu wanne maana yake ni kwamba katika vyumba viwili kati ya vitatu hayupo mtu mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Ukipewa kazi ya kuandaa kikao cha namna hii, uliza mapema watakuja wangapi na nani anashika nini, halafu panga mada zifuatane, hata kama kikao kitarefuka kwa siku nzima. Siku hiyo isiwe Ijumaa ambayo mjadala utaingia katika muda wa sala; karibu Wakomoro wote ni Waislamu, na kuwafanya waombe ruhusa ya kwenda msikitini ni kuwavunjia heshima pasipo sababu.

Rasimu za makubaliano ziende Moroni kwa Kifaransa, na ziende mapema. Shikomori na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja, na wengi wao wamesoma, wamefanya biashara au wamezaliwa kwetu, kwa hiyo wakati wa chai mazungumzo hutiririka bila mkalimani na kila mmoja hudhani mambo yamekwisha. Lakini mwanasheria atakayeupitia mkataba kule hasomi mazungumzo ya chai. Anasoma Kifaransa, wakati mwingine Kiarabu. Niliwahi kushuhudia rasimu nene, ya Kiingereza peke yake, ikikabidhiwa kwa mkuu wa ujumbe wa Komoro usiku wa kuamkia siku ya kutia saini. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema wataisoma. Siku iliyofuata hakuna kilichosainiwa, na miezi mingi baadaye nilisikia upande wetu ukilalamika kwamba Wakomoro ni wazito wa kuamua. Hawakuwa wazito. Walikuwa wamepewa kazi isiyofanyika kwa usiku mmoja, na adabu yao iliwazuia kusema hivyo mbele ya wenyeji.

Kabla ya yote hayo, soma historia, na usiishie kwenye sehemu inayotusifu. Sehemu hiyo ipo na ina uzito. Chama cha ukombozi cha MOLINACO kiliundwa na Wakomoro waliokuwa wakiishi Tanganyika mnamo 1963, kikafanya kazi yake kutoka Dar es Salaam, mji uleule uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Komoro ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975 na Ufaransa ikabaki na kisiwa cha Mayotte, ambacho Wakomoro hukiita Maore, Tanzania ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama, na balozi wetu Umoja wa Mataifa alikuwa Salim Ahmed Salim. Azimio la kuitetea Komoro lilipata kura za kutosha mwezi Februari 1976, likazuiwa na kura ya turufu ya Ufaransa. Wakufunzi wa kijeshi wa Tanzania walikwenda huko wakati wa utawala wa Rais Ali Soilih, hadi mamluki wa Mfaransa Bob Denard walipoupindua mwezi Mei 1978. Wazee wa Moroni wanayataja haya bila kusoma popote.

Lakini wanakumbuka pia kwamba mwaka 1968 serikali ya Zanzibar iliacha kuwatambua Wangazija, yaani wakazi wake wenye asili ya Komoro, kuwa raia, na wengi wao wakapoteza kazi serikalini. Hii ni jamii iliyokuwa imetoa masheikh na walimu wa Zanzibar kwa vizazi. Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi mashuhuri aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazidja. Nimekaa na watu ambao baba zao waliondoka Unguja katika miaka ile, na wanaizungumzia Tanzania kwa upendo na kwa donge kwa wakati mmoja. Ukitamka mbele yao kwamba sisi na Komoro hatujawahi kukosana, watanyamaza, nawe hutajua kwamba umepoteza imani yao.

Suala la Ndzuani linahitaji uangalifu zaidi. Kisiwa hicho kilitangaza kujitenga mwaka 1997, na makubaliano ya Fomboni ya 2001 yakaandaa njia ya kukirudisha katika Muungano wa Komoro, wenye urais wa kupokezana baina ya visiwa. Mwaka 2007 Kanali Mohamed Bacar alijitangaza kiongozi wa kisiwa kwa uchaguzi ambao serikali ya Muungano na Umoja wa Afrika hawakuutambua. Alfajiri ya 25 Machi 2008, Rais Jakaya Kikwete akiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, askari wa Komoro wakiwa na askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania na Wasudani miongoni mwao, waliteremka kisiwani, na Bacar akakimbilia Mayotte. Afrika Kusini ilikuwa imeshauri mazungumzo yaendelee. Mimi naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki, kwa kuwa nchi ya visiwa vichache ikianza kumeguka hakuna kitakachobaki cha kuitwa nchi. Hata hivyo, nimejifunza kutofautisha ukumbi wa Moroni na ukumbi wa Mutsamudu, mji mkuu wa Ndzuani. Moroni utashukuriwa, na inatosha kuzipokea shukrani kwa maneno machache bila kuzigeuza kuwa deni la kudai katika mkataba wa uvuvi. Mutsamudu, acha wenyeji walianzishe jambo hilo wenyewe. Kisiwa kilichowahi kuteremkiwa na askari wa kigeni kina kumbukumbu zake, hata pale wengi walipowapokea askari hao kwa shangwe, na hotuba ya ushindi ikitolewa na mgeni huumiza.

Jambo la Maore halina nafasi ya uzembe. Bendera ya Komoro ina nyota nne na mistari minne, kwa visiwa vinne, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoipokea Komoro mwezi Novemba 1975 lilitambua umoja wa visiwa vyote. Ufaransa nayo iliifanya Mayotte kuwa mkoa wake kamili mwaka 2011. Katika warsha moja iliyoandaliwa Dar es Salaam, kijitabu cha washiriki kilikuwa na ramani iliyopakuliwa kutoka intaneti: visiwa vitatu vimepakwa rangi ya kijani, cha nne kimeachwa cheupe kama maji. Mkuu wa ujumbe wa Komoro alifungua ukurasa ule, akautazama kwa muda, akakifunga kijitabu, akakisogeza katikati ya meza. Hakuna aliyemwelewa hadi wakati wa mapumziko. Kazi ya asubuhi nzima ilipotea, na iliwabidi waandaaji wavikusanye vijitabu vyote. Kwa hiyo kagua ramani, kagua bendera, kagua orodha ya visiwa katika hotuba ya mheshimiwa, na usimwachie kazi hiyo mchapishaji. Nasi tuna sababu zetu za kuyaheshimu masuala ya mipaka baharini: mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012 Tanzania ilitia saini makubaliano ya kukutanisha mipaka yake ya bahari na ya Komoro, pamoja na Msumbiji na kisha Shelisheli. Komoro ni jirani tunayepakana naye, ingawa mpaka wenyewe umo majini.

Mikutano ya mawaziri ni sehemu ndogo tu ya uhusiano huu. Sehemu kubwa imo Kariakoo, bandarini na hospitalini. Akina mama wafanyabiashara kutoka Moroni na Mutsamudu hununua nguo, vyombo na magodoro Dar es Salaam; vitunguu, viazi na mifugo huvuka kwa meli kwenda huko. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro kwa kiwango kisichobadilika, faranga 491.96775 kwa yuro moja, ilhali shilingi yetu hupanda na kushuka, kwa hiyo mfanyabiashara wa kwetu anayetaka kuuza kwa mkopo na akubaliane na mteja mapema kuhusu sarafu ya malipo na siku ya kubadilisha. Pia ajue ratiba ya chombo kabla ya kununua mzigo unaooza, kwani kitunguu kilichokaa gatini kikisubiri nafasi hakina wa kukitetea kikifika kimechipua.

Wagonjwa ndio wanaonigusa zaidi. Wakomoro wengi huja kutibiwa kwetu, na hilo ni jambo la heshima kubwa kwa madaktari wetu. Siku moja nilikuwa katika hospitali moja jijini kwa shughuli zangu nikamkuta mama wa makamo kutoka Ndzuani kwenye dirisha la mapokezi, ameshika bahasha ya kaki yenye vipimo vyote vya mumewe, kila karatasi kwa Kifaransa. Kiswahili chake kilitosha kusalimia na kuulizia bei, hakikutosha kueleza figo. Mhudumu alikuwa amekwisha kumwambia mara kadhaa arudi na mtu anayejua lugha. Nilimsomea karatasi zile na daktari akapatikana, lakini haifai jambo hilo litegemee nani amepita karibu. Hospitali zinazopokea wagonjwa hawa zingeweza kuwa na fomu ya rufaa ya lugha mbili, iliyokubaliwa na wizara za afya za pande zote, ambayo daktari wa hospitali ya Hombo iliyoko Mutsamudu angeijaza kwa Kifaransa na mwenzake wa Dar es Salaam akaisoma kwa Kiswahili au Kiingereza. Ni karatasi mbili au tatu. Kwa maoni yangu ingejenga uhusiano kuliko dhifa kadhaa.

Nikitaja dhifa, nikumbushe pia hatari ya ahadi zinazotolewa humo. Kiongozi wa nchi kubwa akisimama na kusema tutawaletea walimu, au tutawapa nafasi katika vyuo vyetu, kwake huenda ni sentensi moja ya kufurahisha ukumbi. Kwa wizara ndogo ya Moroni sentensi hiyo huandikwa, hupelekwa kwa waziri, huingizwa katika mipango ya mwaka, na vijana huambiwa wasubiri. Kabla hotuba haijasomwa, ofisa anayeshughulikia Komoro wizarani amwulize mwandishi wake kila ahadi italipiwa kutoka fungu lipi. Isiyo na fungu iondolewe, hata kama ni nzuri.

Kikao kikiisha, usiondoke mjini bila muhtasari. Uandikwe jioni ileile, Kifaransa na Kiswahili vikae ukurasa mmoja bega kwa bega, na kila jambo liwe na jina la mtu mmoja wa kulifuatilia na tarehe ya kulikamilisha. Mtu huyo awe na namba ya simu ya mwenzake wa upande wa pili, si ya ubalozi tu. Baada ya wiki mbili ampigie, hata kama bado hana jipya, amweleze jambo limefikia wapi. Na barua ikija kutoka Moroni ijibiwe ndani ya wiki hiyohiyo, walau kwa mistari miwili ya kusema imepokelewa na iko kwa nani.