Kabla ya kuwawashia wanao Beethoven's 2nd

Binti yangu ana miaka saba. Akimwona mbwa hata ng'ambo ya barabara, hunishika buibui kwa mikono miwili. Kwa hivyo likizo ya Agosti, hapa kwetu Malindi, nilipowawashia yeye na binamu zake filamu ya Beethoven's 2nd, nia yangu ilikuwa wacheke nami nimalize mapishi. Nikawaacha peke yao. Wewe usifanye hivyo. Keti nao.

Filamu yenyewe ni nzuri. Ilitoka 1993, mwaka mmoja baada ya ya kwanza, na kwa wadogo naiona afadhali, maana ile ya kwanza ina daktari wa mifugo katili wa kutisha. Humu Beethoven, lile jibwa la aina ya Saint Bernard, anapata mwenza, wanazaa vitoto vinne, na watoto wa nyumba wanavificha chumba cha chini baba yao asijue. Usiku wanaamka kuvinyonyesha kwa chupa. Hapo nilisikia sebule imenyamaza, nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Binti yangu alikuwa amesogea karibu na tivii, kiganja kimekunjwa kama aliyeshika chupa.

Pahali pa kuwa macho ni kwenye ile nyumba ya ziwani. Kuna karamu, na mvulana anamfungia binti mkubwa chumbani. Beethoven anaivuta nguzo aliyofungwa hadi roshani ya mbao inaporomoka. Wadogo walianguka kwa kicheko. Mpwa wangu wa miaka kumi na mbili hakucheka. Usiku ule nilimwita kando nikamwambia: mtu akikufungia mlango, piga kelele, kisha nipigie mimi, saa yoyote, nami nitakuja bila kukugombeza. Kwangu mimi, hayo mazungumzo yalizidi filamu nzima.

Halafu lilikuja swali: "Mama, na sisi tufuge?" Nilikuwa karibu kujibu "haramu" nifunge mjadala. Nyanya yao akaniwahi. Aliwasimulia yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Ndipo akawafunza kuhusu mate ya mbwa: chombo akikiramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Huruma kwanza, twahara baadaye. Mpangilio huo nauiga hadi leo.

Mimi niliongeza la kichaa cha mbwa, kwani filamu hailigusi. Mbwa usiyemjua usimshike, wala usimkimbie. Akikuuma, hata kama ni mkwaruzo tu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe chanjo. Tulikwenda bombani, kila mmoja akaosha mkono huku wenzake wakihesabu, wakashangaa dakika 15 zilivyo ndefu.

Juzi mbwa wa jirani alitukuta njiani tukitoka dukani. Binti yangu aliliachia buibui langu, akasimama wima, mikono ubavuni, macho chini, mpaka mbwa akapita.