Jibu: Dume ana mikia, jike hana. Je, ni spishi mbili?

Salaam ndugu yangu wa Muheza. Umeona kipepeo wa manjano mwenye mikia akipandana na mweusi mwenye mabaka meupe, asiye na mkia kabisa, ukauliza kama ni spishi mbili. Kwa maelezo yako hao ni dume na jike wa Papilio dardanus. Hata mimi nawaona pembezoni mwa msitu wa Amani, madume zaidi.

Usianze na mkia, anza na miguu. Mshike jike taratibu umtazame chini: akiwa na miguu sita yote mizima, yumo kwenye familia ya Papilionidae, ile ya dardanus. Akisimamia minne, na miwili ya mbele ni midogo imekunjwa kifuani, huyo huenda ni Amauris, kipepeo yule mwenye sumu ambaye jike wa dardanus humwiga ili ndege wamwache. Rangi hudanganya kweli kweli. Wataalamu wenyewe waliwahesabu majike hao kuwa spishi tofauti, hadi mtaalamu wa wadudu Roland Trimen alipoonyesha mwaka 1869 kwamba ni wamoja. Na kule Madagaska majike wa kundi hili wana mikia kama madume, jambo linalonifurahisha mno.

Kisha kagua viwavi kwenye michungwa yako. Mguse mmoja karibu na kichwa: akitoa pembe laini yenye panda mbili na harufu kali, ni wa familia hiyo. Ila usikimbilie kumwita dardanus, maana Papilio demodocus naye hutaga kwenye michungwa na milimau, naye hana mkia, awe dume au jike. Mfuge ndani ya chandarua, umpe majani mabichi mpaka atoke na mabawa.

Picha uliyoweka haionyeshi miguu. Tuwekee nyingine iliyopigwa kwa chini.