Maswali Yenu: Di Natale Hana Kombe, Je Alikuwa Straika Mkubwa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi na shemeji yangu hapa Morogoro tunabishana wiki nzima sasa kuhusu Antonio Di Natale, yule wa Udinese ya Italia. Mimi nasema alikuwa hatari, yeye anasema straika asiye na kombe hata moja hana cha kutuambia. Halafu eti aliikataa Juventus, kweli au stori za kijiweni tu?

JIBU: Ni kweli ndugu yangu. Mwaka 2010 Juve walimtaka, jamaa akagoma kutoka Udine, mji wa Udinese, familia yake ilishazoea pale na yeye mwenyewe roho yake ilikuwa pale, basi. Na hapo ndo ametoka kuwa mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, na mabao 29! Msimu uliofuata akatupia 28 akawa mfungaji bora tena, hapo Udine hapo hapo.

Sasa mwambie shemeji apige hesabu. Huyu mtoto wa jiji la Napoli kazaliwa Oktoba 1977, kwahiyo msimu ule wa mabao 29 alikuwa anagonga miaka 32, umri ambao mastraika wengi wanaanza kuzoea benchi. Yeye ndo kwanza anaanza, 29, 28, 23, 23, misimu minne mfululizo, jumla 103 za ligi peke yake, tena kwenye timu ambayo kila mwaka inauza wachezaji wake wazuri, Alexis Sánchez mwenyewe aliondoka 2011 kwenda Barcelona. Mpaka anastaafu 2016 alikuwa na mabao 209 ya Serie A, 18 ya Empoli na 191 ya Udinese. Mimi mtu wa namna hiyo siwezi kumuuliza kombe liko wapi.

Ila shemeji nae asinyimwe haki yake, Totò, ndo jina la utani la Di Natale, ana usiku unaouma. Agosti 2011 walikuwa wanatafuta kuingia Champions League, Arsenal wamekuja Udine wakiwa na bao moja la mechi ya kwanza, Di Natale akafunga kwa kichwa ngoma ikawa sawa, van Persie wa Arsenal akarudisha, halafu ikaja penati, akapiga yeye, kipa wa Arsenal Szczęsny akaipangua, mwisho Walcott wa Arsenal akamaliza kazi. Hiyo penati mpaka leo naiona.

SWALI: Timu ya taifa alifanya nini cha maana?

JIBU: Mechi 42, mabao 11. Euro 2008 alikosa penati Italia walipotolewa na Hispania robo fainali, miaka minne baadae mechi ya kwanza ya Euro 2012 akatoka benchi akawafunga Hispania hao hao, ikaisha 1-1. Hispania hawakuruhusu bao lingine mashindano yote yale mpaka wanabeba kombe.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, mfupi, kocha anamwambia asahau ustraika aende pembeni. Nimwambie nini? Mama wa Tanga.

JIBU: Mama shikamoo. Di Natale alikuwa na mita 1.70 tu, na yeye pia miaka mingi alichezeshwa pembeni kushoto kabla ya kuletwa katikati, kwahiyo kwenda pembeni sio kufukuzwa, dogo aende tu akajifunze. Huyu hakuwa anagombania mipira na mabeki warefu, alikuwa anajibanza nyuma ya bega la beki wa mwisho anasubiri, pasi ikitoka tu keshaondoka, na mara nyingi hatulizi mpira, anaupiga hapo hapo. Dogo atafute mechi ya Palermo na Udinese ya Februari 2011, Udinese walishinda 7-0 ugenini, Sánchez alifunga nne na Totò tatu. Aiangalie mara mbili, mara ya pili asiangalie mpira, amwangalie Di Natale miguu inavyotembea kabla pasi haijapigwa.