Nani kakwambia huku matibabu ni bure?

Mdogo wangu, ile sauti yako ya dakika nne kwenye grupu la familia nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nimejifungia chooni kazini. Unasema una rafiki aliyewahi kukaa Marekani, kakwambia Wameksiko wasio na karatasi za kuishi huku kihalali wanaingia hospitali, wanatibiwa na wanatoka bila kulipa senti, iweje mimi mwenye grini kadi nishindwe kumleta mama afanyiwe goti. Na shangazi akakugongea dole gumba.

Haya. Ya kubeba boksi, hizi kazi zetu ngumu za ughaibuni, mnayajua, siyarudii. Nijibu la hospitali.

Hapa Houston nasafisha ofisi usiku na mama mmoja wa Honduras. (Kwenu kila anayeongea Kihispania ni Mmeksiko, sawa.) Mumewe ni fundi wa mapaa, na figo zake zote mbili zimekufa. Mtu wa hivyo anatakiwa asafishwe damu mara tatu kwa wiki. Yeye hana karatasi, hana bima, kwa hiyo hana zamu kituo chochote. Amebakiwa na mlango wa dharura. Ipo sheria ya 1986 inayozilazimisha hospitali kumpokea kila anayefika dharura, awe na hela asiwe nayo, awe na karatasi asiwe nazo. Rafiki yako hapo hakudanganya. Ila sheria inataka wamtulize tu hali, basi. Haikusema wamponye, wala haikusema bure. Bili inamfuata nyumbani.

Sasa sikia anavyoishi. Anakaa ndani mpaka maji yamjae mapafuni, usiku analala amekaa kwenye kochi maana akilala chali anazama. Ndipo mkewe anampeleka. Wanampima damu. Potasiamu, madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa kwenye damu, ikiwa imepanda hadi kutishia moyo, wanamsafisha. Haijapanda vya kutosha? Rudi nyumbani, uje ukizidiwa. Kageuzwa hivyo mara nyingi mpaka kajifunza: kabla ya kwenda anakula ndizi mbivu nne na kushushia juisi ya machungwa, vitu vyenye potasiamu nyingi ambavyo mgonjwa wa figo anakatazwa, ili damu ichafuke wamkubali. Mkewe alinieleza hayo saa nane za usiku tukifunga mifuko ya taka, anahesabu ndizi kwenye vidole kama ananifundisha mapishi.

Najua, hata Bongo asiye na hela ya kusafisha figo anakufa. Lakini huku mashine ipo, nesi yupo, na mtu anaambiwa hajaumwa vya kutosha.

Na usiseme wanunue bima. Ile sheria ya bima ya 2010 imewafungia soko lake hata wakija na pesa zao mkononi. Huyo mama, naye hana karatasi, kila malipo anakatwa makato ya Medicare, ya kutibu wazee, sawa na mimi, na uzeeni hatapata kitu. Rafiki yako labda alikaa California: kule Januari 2024 bima ya jimbo ya wenye kipato kidogo waliwafungulia watu wazima wa umri wote wasio na karatasi, na Januari 2026 wakawafungia wapya. Texas haikufungua kabisa. Huku tangu Novemba 2024 hospitali zinakuuliza kama uko nchini kihalali. Una haki ya kukaa kimya na watakutibu, lakini nani ana ujasiri wa kukaa kimya akiwa anahema? Januari 2025 serikali ikafuta na ule utaratibu wa maofisa wa uhamiaji kutokamata watu hospitalini. Wiki ile mume wa mwenzangu hakwenda. Alivimba mpaka viatu vikakataa.

Mimi je? Nina bima, ila kabla haijaanza kunilipia natakiwa nitoe kwanza dola 7,000 zangu. Ile ya serikali ya wasiojiweza, hata mwenye grini kadi anasubiri miaka 5, sheria ya 1996. Jino langu la nyuma lina mwaka linauma, namezea dawa, na hapo mimi ndiye mwenye bahati. Mbele ya yule mama naona aibu hata kulitaja.

Kwa hiyo mama usimlete. Bima ya safari kwa kawaida haigusi ugonjwa aliotoka nao nyumbani. MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanabadilisha magoti, mpeleke. Ila akipata visa mlete. Nina miaka minne sijamwona, goti litasubiri. Hapana, mpeleke MOI kwanza.

Na wewe, bahati nasibu ya visa waliyoisimamisha Desemba 2025 ikifunguliwa tena ukashinda, njoo, mimi nani nikuzuie? Ng'oa meno mabovu hukohuko, pima macho, beba miwani miwili. Kwa kujilipua, yaani kuzamia bila karatasi, usije, nitakufungia mlango. Sitakufungia, unanijua. Ukifika tafuta vituo vya afya vya jamii, vinatoza kulingana na kipato na vingi vimekuwa havidai karatasi. Yule mama nilimpeleka kimoja, presha yake sasa inatibiwa. Za figo za mumewe hawana uwezo nazo.

Kamuone daktari wa goti wiki hii, uniambie wanataka shilingi ngapi. Nalipwa tarehe 15. Na ile sauti yako ifute, mama asije akaisikia akaanza kupanga nguo.