Wiki tatu za kuikagua Panama kabla ya kustaafu: zitumikeje?

SWALI: Mshauri, habari za kazi. Mimi na mke wangu tumeishi Marekani zaidi ya miaka thelathini na sote ni raia wa huku. Mwakani natimiza miaka 67 na naacha kazi. Pensheni yangu ya Social Security itakuwa kama dola 2,100 kwa mwezi, ya mke wangu ni ndogo. Kwa fedha hiyo hapa tutabanana. Tumesikia Panama inawapokea wastaafu, na mji wa Boquete unasifiwa sana kwa hali ya hewa. Tumepanga kwenda Februari, wiki tatu, tukajionee. Mke wangu ana presha. Tukague nini hasa? Tena kuna dalali tuliyempata mtandaoni, anasema tukifika tu tulipe arbuni ya nyumba kabla bei haijapanda. Unatushauri vipi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na mama pia nampa shikamoo yake.

Habari njema kwanza, kwa sababu ni fupi. Kibali cha wastaafu cha Panama, wanachokiita pensionado, kipo kisheria tangu 1987 na kwa upande wa kipato umeshavuka. Wanataka pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 kwa mwezi, na dola 250 zaidi kwa mtegemezi. Kwa hiyo nyinyi wawili ni dola 1,250. Fedha yenyewe ni ileile mnayoitumia sasa: Panama inatumia dola ya Marekani tangu 1904, sarafu zao za balboa zinalingana nayo sawasawa, hivyo hakuna kupoteza kwenye kubadilisha. Pensheni inayotoka nje ya nchi hawaitozi kodi. (Marekani itaendelea kukudai ritani yako ya kodi kila mwaka popote uendapo, na akaunti zako za nje zikipita jumla ya dola 10,000 lazima uziripoti. Hilo usilisahau, faini zake ni kali.) Kuna na punguzo kwa wazee: asilimia 25 mgahawani na kwenye tiketi za ndege, asilimia 20 kwa daktari bingwa. Yanasaidia, ila mtu asihame nchi kwa ajili ya punguzo la chakula.

Sasa ziara yenyewe. Wengi ninaowashauri hwenda kuangalia kama wataipenda nchi. Wataipenda, ni nchi nzuri. Mimi nataka mwende mkatafute sababu za kutohamia. Na mkague kwa macho ya watu wa miaka 80, siyo ya wageni wenye miguu mizima waliolala hotelini.

Ndiyo maana Februari siiafiki. Kiangazi cha upande wa Pasifiki huanza kama katikati ya Desemba na kuishia Aprili. Februari ni picha ya kwenye kalenda: anga la bluu, barabara kavu, watalii wamejaa. Mvua ni kuanzia Mei, na hukaza zaidi Oktoba na Novemba. Nendeni Oktoba. Novemba ingefaa pia kwa kuona mvua, lakini ni mwezi wa sikukuu za taifa, tarehe 3, 4, 5, 10 na 28, na mtu mwenye shughuli za ofisini atakuta milango imefungwa nusu ya safari yake.

Boquete nako si mji wa hali moja ya hewa. Uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, ubavuni mwa volkano ya Barú, na umbali wa kilomita chache unabadilisha kila kitu. Alto Boquete, ambayo iko chini kwenye barabara ya kwenda mji wa David, ni kavu na ina upepo mkali. Palo Alto na Jaramillo, juu zaidi, ni kijani kibichi na unyevu mwingi. Hata katika hicho kiangazi, upepo wa kaskazini huvusha manyunyu membamba kutoka upande wa Karibi, wenyeji wanayaita bajareque. Jua linawaka, na wewe unalowa. Wageni hupiga picha za upinde wa mvua, wenye nyumba huhangaika na kuvu kwenye nguo. Kwa hiyo ukionyeshwa nyumba, usianzie sebuleni kwenye dirisha la mandhari. Fungua kabati la nguo, ingiza kichwa, nusa. Pitisha kidole nyuma ya viatu. Kisha uliza maji: mvua kubwa ikichafua vyanzo mlimani, nyumba hii ina tangi la akiba la lita ngapi? Na hesabu ngazi kutoka maegesho hadi mlangoni, kwa sababu nyumba nyingi za huko zimekaa kwenye mteremko na magoti hayarudi nyuma.

Lakini suala kubwa kwenu ni presha ya mama. Boquete kuna kliniki na madaktari, ila hospitali za kutegemewa ziko David, kama kilomita 40 chini. Barabara ni nzuri, mchana mkavu mtatumia chini ya dakika 45. Safirini usiku, mvua ikinyesha, na mtazame saa. Huo ndio muda wenu halisi siku mama akizidiwa. Mkiwa David, msiishie kuitazama hospitali kwa nje. Pangeni miadi na daktari wa moyo na mlipe kama wagonjwa wengine. Mama apimwe, faili lifunguliwe. Bebeni orodha ya dawa zake kwa majina ya kikemikali, siyo ya kibiashara, mwingie maduka ya dawa mawili au matatu mkiulizia kila moja. Muulizeni mhasibu wa hospitali wanataka nini kabla ya kumlaza mtu: kadi, fedha taslimu, au barua ya bima? Hospitali binafsi huomba dhamana ya malipo mlangoni, na ni bora mkaijua sasa kuliko saa nane usiku. Kwa upasuaji mzito watu huishia Panama City, na huko ni zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, au ndege ya kama saa moja.

Barabara hiyo ni moja, barabara kuu ya Panamericana. Mwaka 2023, Oktoba hadi Novemba, maandamano ya kupinga mkataba wa mgodi wa shaba wa Cobre Panamá yaliifunga kwa wiki kadhaa, na mkoa wa Chiriquí, ambako Boquete ipo, uliishiwa mafuta na bidhaa. Mahakama ya Juu ya Panama ilipoufuta mkataba huo mwishoni mwa Novemba, mambo yalitulia. Sikutishi. Nasema mtafute majirani waliokuwepo wakati huo, muwaulize walikula nini na dawa walizipata wapi. Mazungumzo hayo yatawafaa kuliko ziara ya shamba la kahawa, ingawa kahawa ya Boquete kwa kweli ina haki ya kusifiwa.

Ombeni bei ya bima ya afya mkiwa palepale, kwa umri wenu na kwa ugonjwa wa mama, iandikwe kwenye karatasi. Bima nyingi zina ukomo wa umri wa kujiunga na huuweka kando ugonjwa ambao mtu anao tayari. Mkipata jibu hilo, bajeti yenu yote inaweza kubadilika. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, haitawafuata: kwa kawaida hailipi matibabu nje ya Marekani. Mtashawishika kuacha Part B, sehemu yake inayolipia madaktari, ili kuokoa ada ya mwezi. Fikirini mara mbili. Ukiiacha na kuirudia baadaye bila sababu inayokubalika, unaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokaa nje, na nyongeza hiyo huilipa kila mwezi muda wote utakaokuwa na Part B. Mwenye ugonjwa wa kudumu, ambaye huenda siku moja atataka kurudi karibu na watoto, mimi huwa namwambia aendelee kuilipia.

Samahani kwa hili linalofuata, lakini ni kazi yangu kulisema. Kibali ni chako, mama ataingia kama mtegemezi wako. Muulize wakili kwa maneno haya haya: nikitangulia, kibali cha mke wangu kinakuwaje, na pensheni ya mjane atakayolipwa na Social Security inatosha yeye kuombea chake? Maombi ya ukaazi huko hupitia kwa wakili wa Panama, kwa hiyo wakili mtamhitaji tu. Itumieni ziara hii kuhoji wawili au watatu. Asiyetaka kulijibu hilo aacheni. Vyeti vya FBI vya kuthibitisha hamna rekodi ya uhalifu, na barua ya pensheni, vinahitaji apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha hati kwa matumizi ya nje, ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Msivitafute sasa, vina muda wa kuisha. Vingoje uamuzi.

Nimalizie na dalali. Msilipe arbuni, hata kidogo, hata ya kurudishwa. Mpango wangu kwenu ni kupanga nyumba kwanza, miezi sita hadi mwaka, mpite kwenye mvua na upepo wote. Panama ina aina mbili za umiliki ambazo mgeni huzichanganya: ardhi yenye hati, iliyoandikishwa Registro Público, daftari la serikali la mali, kwa namba yake ya finca, yaani namba ya mali hiyo humo, na ardhi ya haki ya kukalia tu, derecho posesorio, ambayo hati haina na ugomvi wake huenda mbali. Ya pili ni ya kawaida sana visiwani na ufukweni, na hutangazwa kwa maneno yaleyale matamu. Mwombe huyo dalali namba ya finca leo, kwa barua pepe, mkiwa bado nyumbani. Mpe wakili aitazame kwenye daftari la serikali: mwenye mali ni nani, na kuna rehani? Akisema namba mtaipata mkishalipa, mfuteni kwenye simu na muendelee na safari yenu ya Oktoba.